Mashamba Yasiyo na Ua: Historia ya Kijiji cha Laxton

Kijiji cha Laxton kiko katika kaunti ya Nottinghamshire, katikati ya Uingereza, kwenye vilima vya udongo mwekundu wa mfinyanzi vilivyo karibu na ukingo wa msitu wa Sherwood. Ni kijiji kidogo chenye kanisa, baa na nyumba chache zilizopangana kando ya barabara, na kwa mpita njia hakitofautiani sana na mamia ya vijiji vingine vya nchi hiyo. Hata hivyo wanahistoria wa kilimo wamekuwa wakikizuru kwa takriban karne nzima, kwa sababu ndicho kijiji ambacho utaratibu wa kilimo wa zama za kati, yaani utaratibu wa mashamba makubwa yasiyo na ua, yaliyogawanywa katika ngwe nyembamba na kusimamiwa na mahakama ya wakulima wenyewe, bado unafanya kazi. Mabaki ya mashamba kama hayo yapo pia Braunton katika kaunti ya Devon, na katika eneo la Axholme huko Lincolnshire, lakini huko zimebaki ngwe bila mahakama, na ngwe bila mahakama ni nusu tu ya jambo lenyewe.

Katika utaratibu huo ardhi ya kulima ya kijiji kizima iligawanywa katika mashamba makubwa machache, kwa kawaida mawili au matatu, ambayo kila moja lilienea mamia ya ekari bila ua, ukuta wala wigo ndani yake. Kila kaya ilikuwa na ngwe zake, yaani vipande virefu na vyembamba vya ardhi, zilizotawanyika katika mashamba yote, moja kando ya kijito, nyingine kule juu kilimani, zikipakana na ngwe za majirani bila kitu cha kuzitenga isipokuwa mfuo wa plau. Laxton ilikuwa na mashamba manne ya namna hiyo. La Mashariki lilizungushiwa ua mwanzoni mwa karne ya 20, na yamebaki matatu, ambayo ni Shamba la Magharibi, Shamba la Kusini na Shamba la Kinu.

Mtawanyiko huo wa ngwe ndio ulioamua pia sura ya kijiji. Mkulima wa kawaida wa Kiingereza wa leo huishi katikati ya shamba lake, mbali na jirani, lakini mkulima wa Laxton hakuwa na sababu ya kujenga shambani, kwa kuwa shamba lake halikuwa mahali pamoja. Kwa hiyo nyumba za wakulima, mabanda ya ng'ombe na maghala ya nafaka vilijengwa vyote kijijini, vikisongamana kando ya barabara kuu, na nyuma ya kila nyumba ukabaki uwanja mrefu wa bustani na malisho ya karibu. Mpango huo unaonekana hadi leo, na trekta zinatoka asubuhi kutoka katikati ya makazi kwenda kwenye ngwe kama zilivyokuwa zikitoka plau za maksai.

Maksai ndio waliotoa kipimo cha ngwe. Plau nzito ya zama za kati, ambayo ilihitajika ili kuupindua udongo wa mfinyanzi, ilikokotwa na kundi la maksai ambao idadi yao kamili ilihesabiwa kuwa wanane, na kundi refu kiasi hicho lilikuwa gumu kuligeuza. Ilifaa lilime moja kwa moja mwendo mrefu kabla ya kupumzishwa, mwendo uliokuja kukadiriwa kuwa kama mita 200. Ekari, kipimo ambacho wakulima wa Afrika Mashariki wanakitumia kila siku, ilikuwa kwa asili eneo ambalo kundi moja la maksai liliweza kulilima kwa siku moja, mita 200 kwa urefu na 20 kwa upana. Kwa kuwa plau iliutupa udongo upande mmoja tu, na mkulima aliizunguka ngwe yake akiutupa kuelekea katikati mwaka baada ya mwaka, ngwe iliinuka polepole ikawa tuta pana lenye mfereji kila upande, na mifereji hiyo ndiyo iliyoyaondoa maji ya mvua za baridi katika udongo usiopitisha maji kwa urahisi. Tena, kwa vile mlimaji alianza kuwapinda maksai kabla ya kufika mwisho wa ngwe ili wapate nafasi ya kugeuka, ngwe nyingi hazikunyooka bali zilipinda kidogo kwenye ncha zote mbili. Mapindo hayo, pamoja na matuta yenyewe, bado yanaonekana katika malisho ya sehemu nyingi za katikati ya Uingereza ambako hakuna aliyelima tangu karne ya 18, hasa jua la jioni linapoyamulika kutoka ubavuni.

Wanandoa Charles na Christabel Orwin, waliotoa mwaka 1938 kitabu kilichoifanya Laxton ijulikane duniani, walishikilia kwamba ngwe hazikuzaliwa na nadharia yoyote ya usawa, bali zilitokana na kazi yenyewe: watu wachache walichangia maksai, wakalima pamoja, na kila jioni sehemu iliyolimwa siku hiyo ikawa ya mmoja wao kwa zamu. Wanahistoria waliowafuata wameijadili hoja hiyo na kuongeza sababu nyingine, zikiwemo urithi na ukabaila, yaani mfumo ambao ardhi yote ya eneo ilikuwa chini ya bwana mmoja aliyewadai wakulima kazi na kodi. Kwa vyovyote vile matokeo yalikuwa na busara ambayo mkulima yeyote anayetegemea mvua ataitambua: mwenye ngwe katika udongo wa juu na wa chini, penye kivuli na penye jua, hakupoteza kila kitu katika mwaka mmoja mbaya.

Kijiji chenye mashamba matatu kiliyazungusha katika mzunguko wa miaka mitatu. Moja lilipandwa ngano kabla ya baridi kuanza, la pili likapandwa shayiri, njegere au maharagwe baada ya baridi kwisha, na la tatu likaachwa lipumzike, mifugo ya kijiji ikichungwa humo na kulirutubisha kwa samadi. Mwaka uliofuata kila shamba lilisogea hatua moja. Mavuno yalipokwisha kuondolewa, shamba zima lilifunguliwa, na kila mwenye haki akaingiza wanyama wake kula mabua na majani yaliyobaki, bila kujali mabua yale yameota katika ngwe ya nani. Hapo ndipo ulipokuwa ugumu wa utaratibu wote. Mtu mmoja akichelewa kuvuna anawazuia wote kuchunga. Akipanda ngano katika shamba la kupumzika italiwa. Akisogeza plau shubiri moja kila mwaka kwenye ngwe ya jirani, baada ya miaka kumi atakuwa amenyang'anya ardhi ya kutosha kulisha mtoto. Kwa hiyo mashamba yasiyo na ua yalihitaji sheria nyingi kuliko yenye ua, na yalihitaji watu wa kuzisimamia ambao wenyewe wanaujua udongo.

Kijiji cha Laxton kimetajwa katika sensa kuu ya ardhi ambayo mfalme William wa Kwanza aliiagiza na kukamilishwa mwaka 1086, miaka 20 baada ya Wanormani kuiteka Uingereza. Sensa hiyo inaonyesha kwamba ardhi iliyokuwa ya Tochi, bwana wa enzi ya kabla ya uvamizi, imekwisha kupewa Geoffrey Alselin, mmoja wa wafuasi wa mfalme. Baadaye Laxton ikawa makao ya ukoo wa de Caux na kisha wa Everingham, waliokuwa walinzi wa misitu ya mfalme katika Nottinghamshire na Derbyshire, na kilima kikubwa cha ngome yao ya udongo kingali kimesimama kaskazini mwa kijiji. Ya mabwana hao hayahitaji kurefushwa hapa. Walikuja na kuondoka, na ngwe zikaendelea kulimwa.

Shahidi mkubwa wa historia ya Laxton ni ramani iliyochorwa mwaka 1635 na mpima ardhi Mark Pierce, ambayo sasa inahifadhiwa katika maktaba ya Bodleian mjini Oxford. Ramani hiyo inaonyesha kila ngwe moja moja, kila nyumba, kila njia na kila bonde la nyasi, na imepambwa kwa picha ndogo za watu walio katika kazi za shamba. Inaambatana na daftari linalotaja kila kipande, ukubwa wake na mtu anayekishika, kiasi kwamba msomaji anaweza kumfuata mkulima mmoja kutoka ngwe hadi ngwe katika mashamba yote manne na kujua alilazimika kutembea umbali gani kuzifikia. Aliyefanyiwa kazi hiyo ni Sir William Courten, mfanyabiashara tajiri wa London ambaye fedha zake ndizo zilizogharimia makazi ya kwanza ya Waingereza katika kisiwa cha Barbados mwaka 1627. Mtu huyo hakuwa bwana wa kurithi, bali mnunuzi aliyeihesabu ardhi kama rasilimali nyingine za biashara, na hesabu ya namna hiyo inahitaji ramani. Mara nyingi vipimo vya aina hiyo vilikuwa hatua ya kwanza ya kuuvunja utaratibu wa zamani. Courten alifariki mwaka 1636, kijiji kikaingia mikononi mwa ukoo wa Pierrepont waliokuwa na jumba lao karibu, huko Thoresby, na kwa bahati njema ya historia ramani ikabaki kuwa kumbukumbu ya mashamba badala ya kuwa mpango wa kuyaondoa.

Kwingineko mambo hayakwenda hivyo. Kuzungushia ardhi ua maana yake ilikuwa kuzifuta ngwe zote za kijiji, kumpa kila mwenye milki kipande kimoja kilichokusanywa pamoja, kuondoa haki za wote za kuchunga na kuokota kuni, na kumtaka kila mmoja apande wigo wa miti ya miiba kuzunguka chake. Mwanzoni jambo hilo lilifanywa kwa mapatano au kwa nguvu za mabwana, kisha likafanywa kwa sheria za Bunge. Kati ya mwaka 1604 na 1914 zilipitishwa sheria zaidi ya 5,200 za namna hiyo, zilizogusa ekari milioni 6.8. Waliozitetea walisema, na kwa kiasi walisema kweli, kwamba mkulima mwenye shamba lake peke yake anaweza kujaribu mazao mapya, kuzuia magonjwa ya mifugo yasienee na kuzalisha zaidi. Ambalo halikusemwa sana ni kwamba Bunge lililopitisha sheria hizo lilikuwa Bunge la wenye ardhi, na kwamba mtu aliyekuwa na kibanda, ng'ombe mmoja na haki ya kumchunga, bila hati ya kuthibitisha haki hiyo, hakupewa chochote, au alipewa kipande kidogo ambacho gharama ya kukizungushia wigo ilimlazimisha kukiuza. Arthur Young, mwandishi wa kilimo aliyekuwa amepigania uzungushaji ua kwa miaka mingi, alizunguka vijijini mwishoni mwa karne ya 18 akaona maskini waliopoteza ng'ombe wao, na mwaka 1801 alichapisha maandishi ya kutaka ardhi itengwe kwa ajili yao. Alikuwa na ujasiri wa kubadili msimamo hadharani, lakini sheria ziliendelea kupitishwa. Mshairi John Clare, mtoto wa kibarua wa Helpston, kijiji ambacho sheria yake ilipitishwa mwaka 1809, alitumia sehemu ya maisha yake kuomboleza njia na malisho yaliyofungwa.

Laxton ilinusurika kwa sababu zisizo na ushujaa wowote. Ardhi haikuwa yote ya ukoo wa Pierrepont, kwani walikuwapo pia wamiliki wadogo wenye milki kamili, na kuwapatanisha wote kulikuwa na gharama na mivutano; ukoo ulibadilishana na kununua vipande kidogo kidogo, lakini haukufika mwisho. Kisha, kuanzia miaka ya 1870, ngano ya bei nafuu kutoka Amerika ilifurika katika masoko ya Uingereza, bei ya nafaka ikaporomoka, na bwana wa ardhi aliyekuwa akipokea kodi pungufu hakuwa na sababu ya kutoa fedha kwa ajili ya wigo na barabara mpya. Mwanzoni mwa karne ya 20 Shamba la Mashariki lilitengwa, na ngwe zilizobaki zikaunganishwa kuwa chache na pana zaidi ili zifae zana za wakati huo. Kwa hiyo mtu anayetembelea Laxton leo haoni kijiji cha mwaka 1635 kilichogandishwa. Anaona utaratibu uliojirekebisha mara kwa mara, na pengine ndiyo maana ungali hai.

Kinachouendesha ni mahakama iitwayo Court Leet, ambayo zamani mabwana wengi wa ardhi walikuwa nayo kwa ajili ya kuamua mambo madogo ya watu wao. Mwishoni mwa Novemba, ngano ikiwa imekwisha kuchipua, wazee wa baraza walioteuliwa miongoni mwa wakulima hupanda tela linalovutwa na trekta na kwenda kulikagua shamba lililopandwa mwaka huo. Hushuka kwenye mipaka ya njia na mabonde ya nyasi, hutazama kama kuna aliyelima kupita kiasi, hukumbushana mpaka ulikuwa wapi, na panapokuwa na shaka hupigilia kigingi cha mti ardhini kwa nyundo, wakikilinganisha na vingine kwa macho. Kazi hiyo hufanyika kwenye baridi na matope, nao humaliza kwa kula pamoja katika baa ya kijiji iitwayo Dovecote. Wiki inayofuata mahakama yenyewe huketi hapo hapo, mbele ya wakili anayekalia kiti kwa niaba ya bwana wa ardhi. Kiongozi wa wazee husoma makosa yaliyoonekana, faini hutolewa, wasiohudhuria bila udhuru nao hutozwa kitu kidogo, na wazee wapya huapishwa ili walikague shamba litakalofuata. Faini ni ndogo mno kumuumiza mtu mfukoni. Inayouma ni kutajwa mbele ya majirani ambao mtu atalima kando yao mwaka ujao, na miaka yote itakayofuata.

Mamlaka hayo hayaishii kwenye ngwe. Kati ya mashamba yamo mabonde membamba ya nyasi, sehemu zilizokuwa na maji mengi au mwinuko mkali kiasi cha kutofaa kulimwa, ambayo nyasi zake huuzwa kwa mnada kila mwaka kwa ajili ya kukatwa na kukaushwa kuwa lishe ya mifugo. Kwa kuwa hayakuwahi kulimwa wala kumwagiwa mbolea za viwandani, yamehifadhi maua ya porini ambayo yametoweka katika sehemu kubwa ya nchi, na sasa yanalindwa kisheria. Kijijini lipo pia zizi ambamo mifugo iliyopotea au kuingia mashamba ya watu ilifungiwa hadi mwenyewe alipie, na ofisa wa kuikamata alikuwa mmoja wa watumishi wa mahakama.

Mwaka 1952 Earl Manvers wa sita, mrithi wa Pierrepont, aliiuza ardhi yake ya Laxton kwa Wizara ya Kilimo ya Uingereza, kwa makubaliano kwamba utaratibu wa mashamba yasiyo na ua utahifadhiwa. Tarehe hiyo inastahili kuzingatiwa na msomaji wa Afrika Mashariki. Miaka miwili tu baadaye, mwaka 1954, serikali ya kikoloni ya Kenya ilitangaza mpango uliopewa jina la Roger Swynnerton, ofisa wa kilimo aliyewahi kufanya kazi Tanganyika, ambao ulikusudia kukusanya vipande vya ardhi vilivyotawanyika vya Waafrika, kumpa kila mmiliki eneo moja na hati ya milki binafsi. Katika nchi ya Wakikuyu, ambako kazi ilikwenda kwa kasi zaidi, kaya ilikuwa na vipande juu ya mgongo wa mlima na chini karibu na mto, kwa sababu zisizo mbali na zile za Laxton: urithi, tofauti za udongo na tahadhari dhidi ya mwaka mbaya. Hoja zilizotumika dhidi ya vipande hivyo zilikuwa zile zile za watetezi wa wigo wa karne ya 18, na kazi ilifanyika wakati wa hali ya hatari, wengi wa wenye madai wakiwa vizuizini na wasioweza kujisemea. Serikali moja, katika kipindi kimoja, iliutunza utaratibu huo nyumbani kama urithi wa taifa na kuuondoa katika koloni kama kikwazo cha maendeleo. Ni vigumu kuuelezea mkanganyiko huo kwa hoja za kilimo peke yake. Aliyekuwa na sauti alisikilizwa. Ng'ambo ya mpaka, Julius Nyerere alipinga mwaka 1958, katika andiko lake Mali ya Taifa, wazo la kuigeuza ardhi ya Tanganyika kuwa bidhaa ya kuuzwa.

Mjadala uliendelea kwa njia nyingine mwaka 1968, Garrett Hardin, mwanabiolojia wa Marekani, alipodai kwamba malisho ya wote lazima yaharibike kwa sababu kila mchungaji hufaidika kwa kuongeza mnyama mmoja zaidi. Elinor Ostrom, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2009, alionyesha kwa mifano ya vijiji vya Uswisi, Hispania na Japani kwamba watu wanaojiwekea kanuni, wakakaguana na kutozana adhabu ndogo, huweza kuitunza mali ya pamoja kwa karne nyingi. Baraza la Laxton lingeweza kuwekwa katika orodha hiyo bila kubadilisha neno. Hardin alikuwa ameeleza malisho yasiyo na mahakama.

Mwaka 1977 Bunge la Uingereza lilipozifutia mahakama za kale mamlaka yake ya kisheria, liliitaja Court Leet ya Laxton kwa jina na kuiacha. Wizara iliiuza ardhi kwa Milki ya Taji, yaani shirika linalosimamia mali za ufalme, mwaka 1981, na mwaka 2020 Milki ya Taji ikaiuza kwa milki ya Thoresby, hivyo kijiji kikarudi kwa warithi wa ukoo ule ule ulioiuza ardhi hiyo mwaka 1952. Wakulima wamepungua, mashine zimekuwa kubwa mno kwa ngwe nyembamba, na shamba la tatu mara nyingi hupandwa malisho badala ya kuachwa tupu. Faida ya kulima kwa namna hii ni ndogo kuliko ile ya shamba lililozungushiwa wigo, na utaratibu utadumu ikiwa tu familia zinazoutekeleza zitatozwa kodi nafuu na kupata bei inayoziwezesha kubaki. Hilo ni deni la taifa linalojivunia kijiji hiki, na linapaswa kulipwa kwa wapangaji walio hai kabla ya fedha kutumika kwa vibao vya wageni.